Ng'ombe Aliyepewa Mfungaji

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya ngozi, mwanangu. Nilikuwa kijana ambaye ndevu zake hazijaamua kama zinatoka au hazitoki, na marehemu baba alinichukua tukashuka naye mpaka upande wa ziwa Eyasi kwenda kumwona ng'ombe wetu. Nasema wetu, lakini alikuwa akikaa kwa rafiki ya baba, Mdatoga mmoja mrefu mwenye meno machache, na hayo machache aliyatumia yote kucheka. Zamani huku kwetu mtu hakurundika mifugo yake yote kwenye zizi moja. Mmoja unamweka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, mwingine mahali ambapo hata mke wako hapajui. Anayemtunza anakunywa maziwa, anapata samadi, na ndama wakianza kuongezeka naye anapata wake. Ugonjwa ukipita kwako ukafagia zizi, unajua kuna mmoja amepona huko kwingine. Nawaelezea nyie wa siku hizi maana ng'ombe mnakutana naye akiwa tayari juu ya mkaa.

Basi tulifika jua limeshakuwa kali. Yule rafiki ya baba siku hiyo hakucheka. Alitukaribisha, akatupa maji, halafu akaingia ndani akatoka na ngozi iliyokauka, imekunjwa, sikio likiwa bado na alama yetu. Ng'ombe alikuwa amekufa, tumbo lilimjaa. Baba akaikunjua ngozi, akalishika lile sikio, akaikunja tena, akauliza habari za watoto. Tukala, tukalala, asubuhi tukaanza kupanda kurudi nyumbani, ngozi iko kichwani kwangu inanuka, nzi wote wa bonde lile wananifuata mimi.

Njiani nikauliza, "Baba, mbona hukumdai mwingine? Ana ng'ombe wengi yule, nimewaona."

Baba akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mlimani, alikuwa akisema ukisimama miguu inaanza kufikiri. Akaniuliza, "Ulimwona yule mtoto aliyekuwa amelala mlangoni?"

"Nilimwona."

"Tangu ameanza kunyonya anakunywa na maziwa ya ng'ombe yule. Sasa unataka nikadai nini? Mtoto ayatapike?"

Akaniambia nisimwulize tena swali la namna ile mpaka nitakapokuwa na zizi langu mwenyewe. Ngozi tuliifikisha, tukailalia miaka na miaka, mpaka nilipooa, mke wangu akaitoa nje akisema haolewi na harufu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na maamuzi mengi, Mungu amlaze pema. Lakini nisianze habari zake, tutakesha.

Nilikuwa nataka kusema kwamba habari hiyo ya ngozi nimeisimulia mara nyingi, na mara ya mwisho nilimsimulia Gwandu, mbele ya watu, akaniambia, "Baba mkubwa, hiyo ilikuwa enzi ya ngozi. Sisi hapa tunaongea mpira."

Huyu Gwandu nikueleze. Ni mtoto wa mdogo wangu. Ni dereva wa watalii, ana gari lile la kufunguka juu, kila siku alfajiri anapita barabara ya lami kupeleka wageni kreta ya Ngorongoro wakaone faru. Hana roho mbaya. Nataka ulishike hili mapema, maana nikifika mbele utataka kumchukia na mimi sitaki umchukie, ni damu yangu, na nilipolazwa kwa ajili ya goti hili ni yeye aliyenibeba mgongoni. Pamoja na udereva, Gwandu ni mwenyekiti wa wapenzi wa timu ya mpira ya shule yetu ya sekondari, hii ya hapa kijijini, si mbali na Daa. Cheo hicho hakuna aliyempigia kura. Alinunua kipaza sauti, basi.

Kila mwaka, mwezi ule wa baridi na ukungu, maharage yakiwa yanang'olewa, shule iliyoshinda huku Karatu inacheza na shule iliyoshinda wilaya ya Ngorongoro. Wanaiita mechi ya ujirani mwema. Aliyeipa jina hilo nadhani hakuwahi kubaki mpaka mwisho wa mechi. Wenzetu wanateremka na malori kutoka huko juu, wamejifunga mashuka, wanaruka wanaimba, na watu wetu wamejaa wanawasubiri. Huyu anasema, "Leo hakuna mbuzi wa kukimbiza, kuna mpira." Yule anajibu, "Na nyie wahini nyumbani, maharage yenu yananyeshewa." Mpaka hapo ni utani, nami nilikuwa nacheka kama wengine. Lakini tukifungwa na watu wa mbali tunasahau kabla ya ugali wa jioni, na tukifungwa na hawa, mwaka mzima ukienda mnadani muuza mbuzi anakuuliza, "Mlipata ngapi vile?" kabla hajakutajia bei. Mwaka juzi walitufunga. Mwaka jana wakatufunga. Gwandu alikuwa halali usiku.

Ndipo akaja Saning'o.

Hakuja kwa ajili ya mpira. Alikuja na mama yake na wadogo zake wawili wa kike, kutoka Olbalbal, wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, baada ya kiangazi kilichomaliza ng'ombe wao wote. Huko ni tambarare kavu, maji unayafuata mchana kutwa na mifugo, na ukifika unaweza kukuta matope. Baba yao alikuwa amekwenda mjini kulinda maduka na habari zake zilikuwa zikipungua kama redio inayokwisha betri. Mama akasikia huku kuna vibarua vya kupalilia. Nikawapa nyumba ya udongo ya marehemu shangazi, pembeni ya shamba langu, wakae. Kimasai mimi najua kile cha mnadani, cha kuuliza umri wa dume, lakini kilitutosha. Kijana aliingia kidato cha tatu hapo shuleni, mrefu, mkimya, mtu wa kuamkia kila anayemwona hata aliyekwisha kumwamkia asubuhi.

Siku moja timu ilipungukiwa mtu, wakamwita akiwa anapita na jembe. Mwanangu, mimi mpira siujui, niliishia darasa la pili na enzi zetu tulicheza na kibofu cha ng'ombe. Lakini nimeona watu wakikimbia. Yule alikuwa anakimbia kama mtu aliyeona ng'ombe wake wanaingia shamba la mtu. Alifunga siku ile, akafunga mechi iliyofuata, akaendelea kufunga mpaka mwenye duka la viatu pale mjini akampa njumu bure. Gwandu akawa anapita na kipaza sauti anasema, "Miaka yote napeleka wageni porini kutafuta simba, kumbe simba yuko hapa kidato cha tatu."

Watu wakampenda. Ndivyo tulivyosema, tunampenda. Pasko wa bodaboda akawa anampakia bure kila asubuhi. Akina mama wakawa wanamwita ndani apate chai. Kanisani akaombewa miguu. Na kila aliyempa kitu alimwuliza swali moja, wale wenzetu atawafunga mangapi. Anapewa chapati, anaulizwa mangapi. Hata mimi nilimwuliza, mwanangu, nikiwa namrudishia panga lake.

Alipoingia kidato cha nne, Gwandu akaja kwangu siku moja akapitia kwa yule mama, akawakuta watoto wanakunywa chai ya rangi na ugali mkavu. Alitoka pale macho yamebadilika. Akasema, "Mfungaji wetu hawezi kutoka nyumba isiyo na maziwa." Alikuwa na mtamba mweusi mwenye mimba, mzuri, wa kienyeji aliyechanganyika kidogo na kisasa. Akataka ampeleke siku hiyohiyo. Nikamwambia, kama unampeleka, mpeleke kwa utaratibu. Uje na mashahidi, maneno yasemwe, makubaliano yajulikane. Akakubali, na tena alifurahi, alisema ni kitu cha asili, angepata na picha nzuri.

Basi mtamba akaletwa. Wamemfunga kitambaa cha rangi za timu kwenye pembe, jambo ambalo sikulipenda, lakini nikasema ni vijana. Mimi ndiye niliyesema maneno. Nikasema maziwa na samadi ni vyenu, ndama wa kwanza anarudi kwa mwenyewe, wa pili ni wenu. Yule mama aliuliza swali moja tu. Akauliza, "Wakikasirika, wanamchukua?"

Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba ng'ombe aliyewekwa hachukuliwi kwa hasira. Anaweza kufa, anaweza kuibiwa, mwenyewe anaweza kupata msiba akamhitaji akaja akaomba kwa heshima. Lakini kwa hasira, hapana. Nikamgeukia Gwandu, nikamwuliza ndivyo? Akasema, "Ndivyo, baba mkubwa." Yule mama akatemea mate kidogo viganjani, ndiyo baraka yao, akampaka mtamba kwenye paji la uso. Wakampa jina la Narok, maana yake mweusi.

Narok akazaa ndama jike wiki chache kabla ya ile mechi. Wale wasichana wadogo ungewaona. Walikuwa watoto wa kukaa kimya ukutani. Maziwa yalipoingia wakaanza kupigana, wakaanza kuimba, wakawa kero. Nilifurahi kusikia kero ile. Nyumba ya shangazi ilikuwa haijapata kelele muda mrefu.

Lakini mtaani ng'ombe yule alikuwa amepata jina jingine. Wanamwita ng'ombe wa magoli. Saning'o akipita, mtu anamwuliza, "Magoli wako anakamuliwa vizuri?" Akikosa mpira mazoezini, wavulana wanalia kama ndama. Wanacheka, naye anacheka kidogo ili wamalize. Jioni moja alikuja kunisaidia kukata majani, akafanya kazi mpaka ikaisha bila kusema, halafu akasema, "Babu, zamani nilikuwa nikikosa, nimekosa. Sasa nikikosa wanaangalia zizini."

Nikamwambia asiwasikilize, wanatania.

Siku ya mechi Gwandu alitupakia kwenye lile gari lake, wazee mbele, vijana wamesimama juu kama wazungu wanaotafuta chui. Uwanja wa pale mjini ulikuwa umejaa mpaka juu ya kuta. Ukungu ulikuwa haujainuka vizuri na baridi inapita kwenye goti langu kama msumeno. Wenzetu wakatufunga goli moja mapema, kwa kona. Kuanzia hapo watu wetu hawakuwa na jina jingine mdomoni. Mpira ukiwa kwa kipa wanaita Saning'o, ukiwa umetoka nje wanaita Saning'o. Na yeye alikuwa anapigwa, mwanangu. Wale mabeki walimjua, ni watoto wa kwao, wengine walichunga naye.

Mwishoni kabisa, refa ameshaanza kuangalia saa, Saning'o akaupata upande wa kulia. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akaingia ndani. Watu wote wamesimama. Kipa wao akatoka kumfuata, mkubwa, akaziba goli lote, mimi mwenyewe kutoka nilipokuwa sikuliona tena goli, nilimwona kipa. Katikati, mbele ya goli lisilo na mtu, alikuwa amesimama Emanuel, mtoto wa Gwandu. Saning'o akampa. Akampa vizuri, taratibu, kama unavyompa mtu kikombe cha chai ya moto.

Emanuel akaupiga juu. Ukaenda kutua kwenye malori ya wenzetu.

Filimbi ikalia. Wenzetu wakaanza kuruka. Kapteni wao akakimbia moja kwa moja kwa Saning'o, akamkumbatia. Walitahiriwa msimu mmoja hao, ni rika moja, na kwao rika ni zaidi ya ndugu. Angekuwa amefungwa yeye, Saning'o naye angemkumbatia. Lakini watu wetu walichoona ni mfungaji wetu kifuani kwa adui, anapigwapigwa mgongo.

Ikaanza nyuma yetu, sauti moja, sijui ya nani. "Rudisha ng'ombe." Ikawa sauti kumi, ikawa uwanja. Wanapiga makofi kwa mpigo, rudisha ng'ombe, rudisha ng'ombe. Na wengine wanalia kama ndama. Wale wa malori hawakuelewa ni ng'ombe gani, wakadhani wanatukanwa wao, mawe machache yakarushwa. Saning'o alisimama pale katikati akiwa na njumu zake mkononi. Alikuwa amezivua.

Tukarudi nyumbani kwa gari lilelile. Jioni watu wakakusanyika kwa Gwandu, pombe ya mtama ipo, simu zipo, wanairudia ile pasi kwenye simu, wanaisimamisha, wanaikuza. Mimi nilikwenda maana nilijua litakalosemwa.

"Angalia hapa," mmoja anasema. "Goli liko wazi."

"Kipa yuko wapi?" nikamwuliza. "Rudisha nyuma umwone kipa."

"Babu, mshambuliaji anapiga. Tulimpa ng'ombe afunge, hatukumpa ng'ombe agawe."

"Amewahurumia ndugu zake," mwingine akasema. "Si mliona alivyokumbatiwa?"

Pasko akasema, "Mimi nimempakia bure tangu mwaka uanze. Mafuta yangu nani atayarudisha?"

"Ulikuwa unampakia aende shule," nikamwambia, "au ulikuwa unapakia goli?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mpeni babu kadi ya njano." Nikawasimulia ile habari ya ngozi, yote, na sikio na mtoto mlangoni, na ndipo Gwandu akanijibu vile nilivyokwambia, kwamba hiyo ilikuwa enzi ya ngozi.

Nikamwambia, "Gwandu, ulisema ndivyo. Mbele yangu na mbele ya yule mama."

Akasema, "Nilisema kwa mtu ambaye ni wetu."

Emanuel alikuwa amekaa mlangoni, jezi hajaivua. Akasema, "Baba, pasi ilikuwa nzuri. Aliyekosa ni mimi."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema."

"Nenda kalale," Gwandu akamwambia, na mtoto akaondoka. Hakuna aliyemlilia Emanuel kama ndama, mwanangu. Hata siku moja. Huyo ni mtoto wa mwenye ng'ombe.

Wakakubaliana kesho yake wakitoka shambani waende wakamchukue Narok na ndama wake. Nilibishana mpaka sauti ikakatika, wakawa wananiambia, "Shika kikombe, babu, upoze koo." Nilikiweka chini nikaondoka.

Nilipitia kwa yule mama. Alikuwa nje anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, wanavyofanya wao, ndani kinabaki na harufu ya moshi. Wasichana walikuwa wameshaingia kulala. Alikuwa ameshasikia, kelele za uwanjani zilifika kijijini kabla yetu. Akaniambia bila kuinua macho, "Mzee, ulisema hachukuliwi."

"Nilisema."

"Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema mbele ya watu."

Akaendelea kusugua kibuyu. Nilisimama pale nikitafuta neno la Kimasai la kusema, na lile la mnadani halikufaa.

Hapa, mwanangu, nataka nikwambie la kukwambia kabla sijamaliza, maana nikimaliza sitakuwa na hamu ya kushauri mtu. Wewe ni kijana, unapenda mpira, na ni vizuri. Shangilia. Paka uso rangi, panda juu ya gari, poteza sauti. Lakini yule unayemshangilia si wako. Ana mama yake, ana mtihani wake, ana watu wa kwao ambao siku hiyo wamekaa upande wa pili na hawezi kuwachukia kwa sababu wewe umepaka uso rangi. Ukimpa mtoto kitu, mpe kwa sababu ana njaa, halafu usahau. Ukishaanza kukihesabu kila anapogusa mpira, basi hukumpa, umemfunga kamba, na mtu aliyefungwa kamba hakimbii vizuri. Na ukitaka kujua kama unampenda, mwangalie siku aliyoshindwa. Siku ya goli kila mtu ana upendo. Tukifungwa, turudi nyumbani, tule kilichopo, tulale. Ng'ombe atataka kukamuliwa asubuhi tumeshinda au tumeshindwa, yeye hajui.

Na wewe utakayekuwa shahidi wa maneno ya watu, ujue unachokibeba. Mimi nilidhani shahidi ni kukumbuka. Siku ile niliona kwamba watu wote walikumbuka vizuri kabisa, na haikusaidia.

Sasa nikubariki, maana na hilo ni kazi yangu. Mvua ikukute shamba limeshalimwa. Zizi lako lisiwe na kimya. Watoto wako wapate maziwa ambayo hakuna atakayekuja kuyaulizia. Ukishinda usiimbe mpaka jirani akashindwa kulala, na ukishindwa awepo mtu wa kukufungulia mlango bila kukuuliza. Mungu akupe miguu mizuri na watu wazuri wa kukuangalia unapokimbia. Sema amina, na kama husemi basi, nimeshaisema mimi.

Nimezunguka. Najua nimezunguka.

Mwalimu wa michezo, mama mmoja mwenye huruma, alikuja kwangu mara nyingi baadaye. Anasema jina la Saning'o lilikuwa limeshapelekwa kwa mtihani wa kidato cha nne, namba yake imebandikwa kwenye dawati. Aliuliza kama nina simu ya yule kijana na mama yake. Sina. Alituma ujumbe na madereva wanaopita huko juu. Wakati wa mtihani aliliacha dawati mahali pake mpaka siku ya mwisho, watoto wengine wanaandika, lile liko tupu na namba yake. Emanuel alikaa nyuma yake. Gwandu naye siku moja alikuja akakaa pale nje kwangu, akaangalia ile nyumba ya udongo, akaniuliza kama paa halivuji. Nikamwambia halivuji. Akakaa sana, halafu akaenda kazini. Kipaza sauti sijakisikia tena, ingawa watu wanasema mwakani kuna mfungaji mwingine, mtoto mmoja kutoka upande wa Ganako, na kwamba safari hii asipewe kitu mpaka afunge kwanza.

Asubuhi ile, siku ya pili baada ya mechi, nilikuwa nimetoka kuangalia maharage, ukungu uko chini unakata nyumba katikati. Nikasikia ng'ombe anatembea. Saning'o alikuwa anakuja na Narok kwa kamba, ndama anafuata nyuma. Alikuwa amevaa shuka, si nguo za shule. Mama yake na wasichana sikuwaona. Walikuwa wameshatangulia na mizigo, nilikuja kujua baadaye, walipanda lori la mahindi kabla hakujakucha vizuri. Yeye alibaki kwa ajili ya ng'ombe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Unampeleka wapi?"

"Kwako. Wewe ulikuwa shahidi." Akamfunga Narok kwenye nguzo yangu ya zizi, akaangalia fundo, akalifungua, akalifunga upya. "Mwangalie," akaniambia. "Mwangalie vizuri, miguu, macho, kiwele. Wasije wakasema."

Nikamwambia hakuna haja. Akasema, "Tafadhali, babu." Basi nikamzunguka ng'ombe wa watu, nikamshika miguu, nikamshika kiwele. Kilikuwa kimejaa, kigumu.

"Hamjamkamua?"

"Leo hapana. Ndama anywe."

Nikamwambia, "Kaa. Mtihani uko karibu. Kaa kwangu, kitanda kipo. Gwandu atapoa, namjua, nimemlea." Nilisema mengi, mwanangu, kuliko nilivyowahi kumwambia mtoto wangu wa kuzaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama alivyokuwa akiwasikiliza watu wote. Halafu akaniuliza kama yale majani tuliyokata juzi yanatosha. Nikamwambia yanatosha. Akachukua fungu moja, akaliweka mbele ya Narok, akampangusa mgongo kwa kiganja, mara moja, kuanzia shingoni mpaka mkiani.

Akainamisha kichwa nimguse. Nikamgusa utosini, ndivyo wanavyoagana na wazee. Akaokota fimbo yake akaishika njia ya kupanda, ile inayotokea barabara ya lami kuelekea geti la Ngorongoro. Narok akamwita. Akaita tena. Nilibaki nimesimama na kamba ya ndama mkononi, namwangalia kijana anaingia kwenye ukungu kwa mwendo wake uleule wa kutembea na mifugo, wala hakugeuka, na mpaka leo hajarudi.